Gitaa la Pili

Binti yangu aliniuliza swali lile huku anatafuna karanga, kama mtu anayeuliza chai iwekwe sukari au isiwekwe.

"Baba, nimzimie mjomba maiki?"

Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu, hapa Kitandililo, Makambako, gitaa mapajani, taa ya duara inanichoma macho, na nilikuwa nimeshakasirika. Nikamjibu bila hata kumtazama.

"Mzimie. Ila mwache aonekane."

Akabonyeza. Nikaanza wimbo upya, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mambo hayo ya laivu, wimbo ukaenda mpaka mwisho bila kugongana. Mioyo midogo myekundu ikapanda kwenye kioo cha simu kama povu. Nikafurahi. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa: nilifurahi.

Huyo mjomba aliyezimwa ni kaka wa marehemu mke wangu. Mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji, ingawa tulijuana kabla sijamjua dada yake. Tulikutana Njombe tukiwa vijana, mimi nimetoka kumaliza kidato cha nne na sina kazi, yeye anapasua mbao Kifanya. Alikuwa na gitaa lililopasuka tumboni na kugandishwa kwa gundi ya mbao. Mimi nilikuwa na gitaa zima na sikujua kulipiga vizuri. Tukapatana.

Kwa miaka mingi sisi wawili ndio tulikuwa bendi. Hatukuwa na ngoma wala besi. Mimi napiga solo na kuimba, yeye anapiga gitaa la pili. Tulipiga kwenye harusi, kipaimara, na siku kanisa linapovuna. Lupembe walituita sana, na harusi za kule hazikuanza mpaka lori la majani ya chai lipite, maana hakuna aliyekubali kuacha majani yake yakauke barabarani kwa ajili ya bibi harusi wa mtu mwingine. Lori likishapita, watu wananawa mikono, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unaletwa, na sisi tunaanza.

Sasa nieleze shemeji alivyopiga, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Alikuwa anachelewa. Si kwa kutojua, alichelewa kwa kupenda. Mimi nikigonga, yeye anasubiri kidogo, kama mtu mstaarabu anayekuacha utangulie mlangoni, halafu anaingia nyuma yako. Katika ile nafasi ndogo ndimo watu walimoweka miguu yao. Nilipopiga peke yangu, watu walisikiliza wakatikisa vichwa. Alipoingia yeye, waliinuka. Mimi nilipata sifa kwa sababu ndiye niliyekuwa mbele nikiimba, na nilizichukua zote. Yeye hakuwahi kulalamika. Alikuwa anasema, "Wewe chukua makofi, mimi niachie miguu."

Hatukurekodi. Kulikuwa na kaseti moja tu, iliyorekodiwa na mtu harusini, na hiyo ililiwa na redio ya nyumbani kwangu. Utepe ulitoka wote nje kama matumbo ya kuku. Mke wangu alijaribu kuuzungusha kwa kalamu, haikusaidia kitu.

Mke wangu alipofariki, shemeji alianza kuja Makambako kila Jumapili. Alipanda gari asubuhi, akabadilisha Njombe, akafika kwangu baada ya misa, gitaa limefungwa kwenye shuka. Hatukuzungumza sana juu ya msiba. Alikaa, akakaza nyuzi, akasema, "Haya, kiongozi," nami nikaanza. Tulipiga mpaka muda wa gari la mwisho la kumrudisha. Jumapili zile ndizo zilizoniweka hai, na nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani kwamba ni mimi ninayemliwaza yeye.

Kisha goti lake likaanza kuvimba. Akawa anashuka ngazi za gari kinyumenyume. Siku moja kondakta alimbeba mbele ya stendi nzima. Baada ya hapo hakuja tena.

Binti yangu ndiye aliyeleta dawa. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na kufungua kibanda cha makava ya simu na chaja karibu na stendi. Ni mtoto mzuri, sitaki nieleweke vibaya, lakini ana imani na simu kama wengine walivyo na imani na maji ya upako. Ukiumwa mgongo, simu. Mvua isiponyesha, simu.

"Baba, mbona unakaa tu kama gunia la viazi? Nenda laivu."

"Laivu ndio nini?"

"Unakaa hapo hapo ulipo, unapiga gitaa, watu wanakuona."

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Hao watu wote hawana kazi?"

Alicheka, na Jumamosi iliyofuata alikuja na stendi ya simu na ile taa ya duara. Akasogeza kochi. Akatoa kalenda ya kanisa ukutani akaweka kitenge. Akanivua sweta, akasema linaniongezea uzee, nami nikakaa mbele ya simu natetemeka katika baridi ya mwezi wa sita ili watu wote wasijue kwamba Makambako kuna baridi.

Sijui kama kuna adhabu ya mzee inayozidi laivu. Kwanza hujui unamwimbia nani. Harusini ukiona bibi mmoja amekunja uso unajua upunguze sauti, ukiona kijana anavua koti unajua uongeze. Hapa unalitazama tundu dogo jeusi, na binti yako yuko pembeni anakupungia mkono: tabasamu, tabasamu. Unatabasamu kwa tundu. Halafu maandishi yanaanza kupanda, naye anakusomea kwa sauti katikati ya ubeti.

"Baba, kuna mtu anasema ongeza sauti."

"Nimsikieje na mimi naimba?"

"Huyu anauliza hiyo kofia ni bei gani."

"Mwambie hii ni ya marehemu baba."

"Huyu yuko Arabuni, anasema amekumbuka nyumbani analia."

"Mwambie pole."

"Msalimie kwa jina."

"Jina lake ni nini?"

"Hapa ameandika Mrembo wa Mama, halafu namba."

Nikamsalimia Mrembo wa Mama na namba zake. Jogoo wa jirani akawika dirishani, mioyo ikapanda kuliko nilivyoipata kwa nyimbo zangu zote. Mara nyingine mvua ikaja ikapiga bati, nikawa naimba bila kujisikia, nyuzi zinatikisika tu kama mtu anayesali kimoyomoyo. Binti akasema tusizime, kwa kuwa watu wanaipenda mvua. Nikaona basi wamsikilize Mungu, mimi nipumzike.

Lakini kitu kilichonishinda ni kwamba nilipiga peke yangu. Nilisikia tundu katika kila wimbo, pale ambapo shemeji angeingia. Nikamwambia binti yangu kwamba kama mashine hiyo inaweza kuleta mtu wa Arabuni, imlete mjomba wake wa Kifanya.

"Hilo tu?" akasema. "Tunampandisha kama mgeni. Anatokea kwenye nusu ya kioo."

Shemeji hakuwa na simu ya kugusa. Alikuwa na ile ndogo ya vitufe, tena imefungwa mpira. Mke wa mwanawe, anayekaa naye Kifanya, akakubali kutoa yake kila Jumapili. Aliisimamisha dirishani kwa kuiegemeza kwenye kopo la maziwa, akabonyeza alichoelekezwa, kisha akaenda kulisha nguruwe wake.

Siku ile ya kwanza alipotokea, nilisahau kwamba kuna watu wanatutazama. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, lile jeusi lenye mabega makubwa, na alikuwa amenyoa.

"Kamwene, shemeji!" nikamsalimia kwa Kibena.

"Kamwene! Mbona umewekwa kwenye kidirisha kama picha ya paspoti?"

"Na wewe mbona koti linakuvaa badala ya wewe kulivaa?"

"Goti limevimba, mwili umepungua. Mungu anahamisha tu nyama, hajachukua."

Maandishi yakaanza kukimbia. Walimpenda kuliko mimi, nilitambua papo hapo. Binti akasoma: babu mwenye koti oyee. Shemeji akainama kusalimia, kichwa kikatoka kwenye picha.

"Haya, kiongozi," akasema.

Nikaanza. Alipoingia, nilidhani amechanganya wimbo. Nilikuwa nimeshafika kwenye mstari wa pili na gitaa lake ndio kwanza linapiga mstari wa kwanza. Nikapunguza mwendo nimsubiri, naye akapunguza. Nikaongeza, naye akaongeza, lakini baada ya muda. Tulikuwa kama watu wawili wanaobeba ubao mrefu na kila mmoja anamwonesha mwenzake njia. Nikaacha kupiga. Gitaa lake likaendelea peke yake, kisha nalo likaacha.

"Shemeji, wahi!" nikamwambia.

"Niwahi nini? Nakufuata wewe."

"Unachelewa!"

"Siku zote nachelewa. Ndiyo kazi yangu."

"Sasa unachelewa kupita kiasi."

"Huku kwangu inakaa vizuri kabisa, kiongozi. Anza tena."

Nikaanza tena. Hali ikawa ile ile. Binti akaeleza kwamba sauti yangu inasafiri mpaka Kifanya, halafu yake inasafiri kurudi, na njiani inapoteza muda. Juu ya kuchelewa kwa mtandao kuna kuchelewa kwake mwenyewe, kule kwa kupenda. Jumapili nyingine tukajaribu mapema zaidi, tukajaribu yeye akikaa karibu na dirisha, tukajaribu yeye asogee nje, akapigia zizini nguruwe wakimwitikia. Watu wakaanza kucheka kwa maandishi. Babu wa pili kalala. Babu wa pili anapiga wimbo wa wiki iliyopita. Mwamsheni. Binti aliyasoma mpaka nikamkataza, na video za Jumapili zile nikamwambia azifute zote.

Shemeji hakuwa anayaona hayo maandishi, macho yake hayakufika. Aibu yote niliibeba mimi, na ilinipanda kichwani. Nilimkasirikia yeye, kana kwamba ndiye aliyejenga minara ya simu. Ndipo Jumapili moja, tumerudia wimbo mpaka nyuzi zimepata moto, binti yangu akauliza kama amzimie mjomba maiki, na mimi nikasema amzimie, ila aonekane.

Kwa nini nilitaka aonekane? Kwa sababu watu waliipenda picha ya wazee wawili. Na kwa sababu nilimwonea haya. Nikimwondoa itanibidi nimwambie.

Ikawa desturi. Binti alimfungulia maiki mwanzoni tusalimiane, tutaniane, watu wacheke. Nikigusa uzi wa kwanza, anamzimia. Wimbo ukiisha, anamfungulia. Shemeji yeye alinisikia vizuri, na kwa upande wake alikuwa akipiga nyuma yangu kama siku zote, akidhani watu wote wanatusikia. Alipiga kwa moyo. Kwenye kioo niliona bega lake likipanda na kushuka, na mdomo aliouuma kidogo kila alipokuwa akingoja kuingia. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika kwamba gitaa la pili halisikiki. Wale watu wote! Nami nikaanza kujiambia kwamba labda halikuwa la lazima kiasi kile. Nikaanza kuona kwamba solo yangu inajitosheleza.

Jumapili moja, baada ya wimbo wa kuaga bibi harusi, alipofunguliwa maiki alikuwa anatabasamu mpaka kwenye masikio.

"Leo nimekuwekea kitu pale katikati," akasema. "Umekisikia?"

"Nimekisikia," nikasema.

"Kimekaaje?"

"Kimekaa vizuri sana, shemeji."

"Nilikitafuta wiki nzima. Nilijua utakisikia."

Binti yangu aliniangalia, akaacha kutafuna. Baada ya kuzima simu alisema, "Baba, mwambie." Nikamwambia nitamwambia. Akasema, "Mimi niliuliza tu, wewe ndiye uliyejibu." Nikamwambia asinifundishe kuongea na shemeji yangu, nimemjua kabla yeye hajazaliwa.

Mengine yaliyotokea nimeyajua baadaye kutoka kwa mke wa mwanawe. Alikuwa amempeleka shemeji kwenye mashine ya kusaga, yeye na mahindi, kwa kuwa alichoka kukaa ndani. Mwenye mashine alimpokea kwa shangwe, akasema amekuwa akituona kwenye video zetu zilizobaki mtandaoni, na ili mzee naye ajione, akazima mashine kabisa na kuongeza sauti ya simu. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea. Shemeji akajiona kwa mara ya kwanza, na koti lake, vidole vyake vinakwenda. Akasikiliza wimbo wote. Mwenye mashine ndiye aliyeuliza, bila ubaya wowote, "Mzee, mbona gitaa lako halitoi sauti?"

Shemeji alijibu kwamba labda ni simu. Akaomba awekewe mwingine. Kisha mwingine. Mke wa mwanawe alisema alisikiliza hivyo hivyo, kichwa amekiinamisha upande, mpaka watu wa foleni wakaanza kudai unga wao.

Jumapili iliyofuata alitokea kama kawaida. Koti, ndevu zimenyolewa. Tulisalimiana. Nikamtania juu ya goti, akanijibu kwa ufupi. "Haya, kiongozi," akasema. Nikagusa uzi, binti akabonyeza, nikaimba. Nilikuwa nimeshazoea kulitazama lile tundu jeusi na kulitabasamia, kwa hiyo mimi sikuona. Walioona ni watazamaji. Binti alinigusa goti nikiwa katika ubeti wa pili.

"Wanauliza mbona babu mwenye koti hapigi."

Nikatazama. Alikuwa amekaa wima, gitaa mapajani, mikono miwili imelala juu yake kama mtu aliye kanisani. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mfungulie," nikasema.

Binti akamfungulia.

"Sasa mnanisikia?" akauliza shemeji.

"Tunakusikia, mjomba," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Maana nilitaka kujua. Shemeji, sauti yangu ilikuwa inakwenda wapi?"

Nikasema ni mtandao. Ndicho nilichosema, mbele ya Mrembo wa Mama na watu wote.

"Mtandao unachagua? Nikisalimia unapita, nikipiga haupiti?"

"Ulikuwa unachelewa, shemeji. Ilikuwa inaharibika. Watu walikuwa wanacheka."

"Wananicheka mimi, au wanatucheka sisi?"

Nikainamia gitaa langu. Akakaza uzi mmoja ambao haukuhitaji kukazwa.

"Mimi ni fundi mbao," akasema, "mambo ya simu siyajui. Lakini kama mimi nikikufuata wewe nachelewa kukufikia, si ungeniacha mimi nianze, ukanifuata wewe?"

Ilikuwa kweli. Nimeuliza tangu siku ile, na binti yangu amehakikisha: aliyeko mbali akianza, na aliye kwenye simu inayorusha laivu akimfuata, watazamaji wanawasikia pamoja. Hata kile kuchelewa kwake kwa kupenda ningeweza kukiachia nafasi, ningejibana. Ilikuwa ni kubadilishana tu viti. Lakini tangu tupo vijana hatukuwahi kuvibadilisha, na wazo hilo halikunijia kichwani hata siku moja. Lilimjia yeye, na alilisema kwa upole, mbele ya watu, akanipa mlango wa kutokea.

Na mimi, mtu mzima, mjane, mwenye wajukuu, nikamwambia: "Shemeji, watu wanakuja kusikiliza solo."

Aliweka gitaa kando. Kisha akasema, "Sawa, kiongozi." Akainuka kwa kushika dirisha, kwa sababu ya goti, simu ikatikisika. Upande wake wa kioo ukabaki na kiti, na ukuta, na jembe lililotundikwa. Watu wakaandika kwamba mtandao wa babu umekata. Mimi nilimalizia wimbo. Hilo nalo naliandika.

Nilingoja anipigie. Ndiye aliyekuwa akipiga simu kila siku jioni, kwa ile ndogo yake ya mpira, na nilijiambia hasira zikiisha atapiga. Nikamwambia binti yangu sitaki tena laivu, achukue taa yake. Akachukua. Kalenda ya kanisa ikarudi ukutani. Nilimlaumu binti, nililaumu mtandao, nililaumu mwenye mashine ya kusaga kwa kushindwa kufunga mdomo wake. Mahindi yakakomaa, viazi vikachimbwa, bado nalaumu.

Nilipokwenda Kifanya hatimaye, alinipokea vizuri mno. Hilo ndilo lililoniumiza. Alinitolea kiti, akaamuru kuku achinjwe, akaniuliza habari za kila mtu, kama unavyompokea mgeni wa heshima kutoka wilayani. Hakunitania hata mara moja. Gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani pembeni ya lile jembe, limefungwa kwenye shuka.

"Shemeji, lishushe basi," nikasema. "Anza wewe. Mimi nakufuata."

Akavitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua.

"Vimepoa," akasema. "Kula nyama, isije ikapoa na yenyewe."

Nilikula. Nilimwomba msamaha pale pale, kwa maneno, na alisema amesamehe, na naamini alisamehe. Lakini hakulishusha. Akanisindikiza mpaka barabarani kwa fimbo, gari likaja.

Alifariki msimu wa baridi uliofuata, kifua. Hatukuwa tumepiga tena.

Msibani, mke wa mwanawe alinifuata nilipokuwa nimekaa na wanaume kwenye moto. Akapiga goti, akasema, "Baba, hatuna sauti ya gitaa lake popote. Watu wanataka wamsikie kidogo kabla hatujampeleka. Tuwekeeni zile za laivu."

Nilimwangalia binti yangu, naye alikuwa ameshaanza kulia. Hakukuwa na jinsi. Alichagua ule wimbo wa kuaga bibi harusi, akaunganisha simu na spika ya kanisa, na watu wakanyamaza uwanja mzima. Ikatoka sauti yangu. Ikatoka solo yangu, safi, inajitosheleza. Waliokaa karibu na simu waliviona vidole vya shemeji vinakwenda. Waliokaa mbali hawakuona chochote, walinisikia mimi tu. Bibi mmoja wa Kifanya aliyecheza kwenye harusi zetu zote akageuka akaniambia kwa Kibena, si kwa kunilaumu, alishangaa tu: "Huyu ni wewe. Yeye yuko wapi?"

Sasa hivi, mchana, nikiwa peke yangu, huwa nafungua zile video. Najaribu kujifunza sehemu yake kwa kutazama mikono. Simu ya Kifanya ilikuwa dirishani, inaonesha mkono wa kushoto vizuri, wa kulia unakatwa na kopo la maziwa. Picha nayo inaganda, kisha inaruka. Naweza kujua alibonyeza wapi. Siwezi kujua alingoja kiasi gani kabla ya kugonga, na kungoja kule ndiko kulikokuwa muziki wake. Pale katikati ya wimbo wa bibi harusi, mahali alipoweka kile kitu alichokitafuta wiki nzima, naona bega linapanda, naona anauma mdomo, vidole vinakimbia kushuka kwenye shingo ya gitaa, halafu anatabasamu. Nimeitazama sana sehemu hiyo. Nilimwambia nimekisikia.

Neno lile nililomjibu binti yangu bila kumtazama lilinigharimu rafiki niliyekuwa naye tangu ujana, aliyekufa mimi nikiwa mgeni kwake. Na liliigharimu familia yake gitaa lake. Kila wimbo tuliopiga pamoja sasa umebaki nusu, na nusu iliyobaki ni yangu.